Kurudi Mombasa na familia kutoka Uingereza: tuanze na lipi?

AbuYunus_Leicester

Assalaam aleikum jamaa. Tumeamua kurudi Mombasa moja kwa moja, familia nzima, na tunataka kupanga mambo kabla ya kukata tikiti. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 2014 na pasipoti yangu ya Kenya imekwisha muda. Mke wangu ni mzaliwa wa Tanga, sasa ana pasipoti ya Uingereza pekee, na ndoa yetu ina miaka 16. Watoto ni watatu, wote wamezaliwa huku: binti wa miaka 14 aliye Year 9, mvulana wa miaka 9, na mdogo wa miaka 4. Kiswahili cha nyumbani wanakisema vizuri, ila kusoma na kuandika hawajafundishwa.

Ninayoomba kujua ni haya. Vyombo vya nyumba nivipakie kontena au niuze? Gari letu ni la mwaka 2020, bado nalilipia mkopo kila mwezi; laweza kuingia bila ushuru? Karatasi za mke na watoto zianzie wapi? Shule ziwe za mtaala gani, na turudi mwezi gani watoto wasipoteze mwaka? Na nyumba tunatazama Nyali, Tudor au Mtwapa. Wenye kuzijua kazi hizi naomba mtueleze kwa kina, hata yale mnayoona ni madogo.

Wakala_Kilindini

Wa aleikum salaam ndugu Abu Yunus. Mimi nitashika forodha peke yake. Watu wengi hapa hawakosi haki, wanakosea tarehe.

Msamaha wa mkaazi anayerejea umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Uwe umetimiza miaka 18, uwe umeishi nje si chini ya miaka miwili, na uwe unarudi kukaa. Ndani ya miaka hiyo miwili, siku zako zote za kuja Kenya zikijumlishwa zisizidi 90. Piga hesabu sasa hivi kwa mihuri ya pasipoti, si kwa kukumbuka. Wiki sita kila kiangazi kwa miaka miwili ni siku 84. Ongeza harusi moja ya wiki moja na umeshapita. Afisa wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, atazitazama pasipoti zako zote mbili, kwa hivyo usidhani safari za pasipoti ya Uingereza hazionekani.

Mzigo nao una saa yake. Unatakiwa ufike ndani ya siku 90 tangu wewe kuwasili. Kamishna anaweza kuongeza muda, usizidi siku 360, lakini kwa ombi la maandishi lenye sababu. Kontena likitangulia kabla yako ni shida nyingine: wakala hawezi kuliondoa bila pasipoti yenye muhuri wako wa kuingia, na huku siku za bure za bandari zinakwisha, gharama ya kuhifadhi inaanza, na kampuni ya meli inaanza kukutoza kwa kukaa na kontena lake. Gharama hizo mbili ni tofauti na zote hupanda kwa siku. Kutoka Uingereza meli huchukua kama wiki sita hadi kumi, kutegemea njia na bandari za kubadilishia. Funga kontena wiki nne hivi kabla ya familia kupanda ndege, nanyi mtakuwa Mombasa kabla mzigo haujatia nanga.

Jambo dogo linaloponya: hati ya shehena iandikwe kituo cha mwisho ni Mombasa. Ikiandikwa Nairobi, kontena hupandishwa treni mpaka Embakasi, na wewe mkaazi wa Tudor utalipa kulirudisha lilikotoka. Soma rasimu ya hati hiyo kabla meli haijaondoka, maana kuibadilisha baadaye hulipiwa.

Kuhusu ukubwa, kontena la futi 20 lina mita za ujazo kama 33, lakini fanicha hazipangiki kama matofali, kwa hivyo hesabu 27 au 28. Hiyo ni nyumba ya vyumba vitatu iliyochujwa. Mizigo ikiwa nusu ya hapo au chini ni nafuu kuchangia kontena na wengine, ila ujue kontena la kuchangia hufunguliwa CFS, yadi ya kontena iliyo nje ya bandari, na hutangojea tu karatasi zako: mwenzako mmoja akikwama, mara nyingine nanyi mnachelewa.

Orodha ya vitu iwe kwa kila boksi lenye namba, kitu na thamani yake ya sasa, kwa Kiingereza, imetiwa sahihi. "Vyombo vya jikoni" haitoshi. Andika sufuria 6, sahani 24, blenda 1. Vitu viwe vimetumika. Televisheni mpya ndani ya boksi lake, au simu kumi za zawadi, hazina msamaha, na zikionekana zinaleta ukaguzi wa kontena zima. Droni usiipakie bila kibali cha mamlaka ya anga. Na msifunge nguo kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017. Tumieni maboksi na mashuka.

Gari. Hapa ndugu yangu sikiliza vizuri. Linalosamehewa ni gari moja, ulilolimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi, usukani uwe kulia, na lisiwe limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. La mwaka 2020 umri haulitoi bado. Tatizo lako ni mkopo. Katika mikopo mingi ya magari huko, mwenye gari ni kampuni iliyokopesha mpaka umalize, na kitabu cha usajili cha huko, V5C, kinaonyesha mtunzaji wa gari, hakithibitishi mmiliki. Ukimaliza mkopo leo, omba barua ya kampuni kwamba gari limekuwa lako, na tarehe yake ndiyo itakayoulizwa. Kama miezi 12 ya umiliki haitatimia kabla ya safari, liuze hukohuko. Bila msamaha utalipa ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote hivyo VAT asilimia 16. Kila kimoja hukokotolewa juu ya kilichotangulia, na ndiyo maana watu hushtuka.

Ukilileta: lifanyiwe ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa, wajulishe DVLA, mamlaka ya magari ya Uingereza, kwamba linatoka nchini kabisa, na ubaki na sehemu nyingine za V5C, risiti ya kununulia na bima za mwaka uliopita. Jina liwe moja kote: gari, hati ya shehena, pasipoti, PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi). Gari la jina la mke na maombi ya jina la mume ni ombi la kukataliwa. Likipanda meli ya magari, lisiwe na kitu ndani zaidi ya gurudumu la akiba na jeki yake. Na gari lililoingia bila ushuru, ukimuuzia asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa.

Msamaha huu unaondoa ushuru tu. Bandari, kampuni ya meli, CFS, wakala na lori bado utawalipa. Omba wakala akuandikie kila kimoja kwa mstari wake kabla hujampa kazi, na uhakikishe ana leseni ya KRA ya mwaka huu.

Bi_Mwanasheria_Ganjoni

Kaka Abu Yunus, karatasi ndizo za kwanza kabla ya kontena, kwa sababu pasipoti na PIN ndizo zitakazofungua hayo yote aliyoeleza wakala.

Wewe ulichukua uraia wa Uingereza baada ya Katiba ya 2010, basi hukupoteza wa Kenya. Kifungu cha 16 kinakuruhusu yote mawili. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inataka utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu ya kuupata, na kutotangaza ni kosa la jinai. Kama hukufanya, fanya sasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Idara ya Uhamiaji, kabla ya ombi la pasipoti mpya, si baada ya kuulizwa dirishani.

Watoto wako ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, Kifungu cha 14, kwa kuwa siku waliyozaliwa baba yao alikuwa raia, hata kama wamezaliwa Leicester. Haki wanayo, ushahidi ndio haupo. Sajili vizazi vyao kupitia Ubalozi wa Kenya London, kisha uwaombee pasipoti za Kenya. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya Uingereza vile virefu, vyenye majina ya wazazi wote wawili. Vile vifupi havina jina la baba wala mama na havisaidii kitu. Linganisha herufi kwa herufi majina yako katika kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa karani. Tofauti ikiwepo, fanya hati ya kiapo cha majina mapema.

Bibi yako hana haki ya moja kwa moja lakini ana milango mitatu. Wa haraka ni pasi ya mtegemezi kwa jina lako. Inamruhusu kukaa, haimruhusu kufanya kazi. Wa pili ni ukaazi wa kudumu, ambao mwenzi wa raia anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Wa tatu ni uraia kwa kusajiliwa, Kifungu cha 15, baada ya miaka saba ya ndoa. Nyinyi mna 16, kwa hivyo yote matatu yako wazi. Ushauri wangu ni aombe pasi ya mtegemezi ili asikae bila hadhi, kisha ombi la uraia lifuate mara moja, maana hilo huchukua muda. Cheti chenu kama ni cha ndoa ya Kiislamu, hakikisheni kimesajiliwa rasmi palipofungwa ndoa. Nikah iliyobaki msikitini Leicester bila usajili wa serikali haitoshi kwa Uhamiaji, na sheria ya Uingereza yenyewe haiitambui. Hiyo ndiyo karatasi ninayoiona ikikosekana mara kwa mara kwa ndugu zetu wa huko.

Kwa wasomaji wengine wenye hali tofauti: aliyechukua uraia wa nje kabla ya 27 Agosti 2010 aliupoteza wa Kenya, na lazima aombe kuurejesha. Hata kama ni mzaliwa wa Kibokoni, mpaka aurejeshe yeye ni mgeni kisheria, na Kifungu cha 65 hakimruhusu mgeni kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Watoto waliozaliwa nje baada ya tarehe hiyo, kabla mzazi hajaurejesha, wanahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa Katiba inauliza uraia wa mzazi siku ya kuzaliwa.

AbuYunus_Leicester

Jazakumullahu khayran nyote. Ndoa yetu imesajiliwa kwa serikali, alhamdulillah. Dada mwanasheria, pasipoti za watoto zisipotoka kabla ya safari, waweza kuingia na za Uingereza?

Bi_Mwanasheria_Ganjoni

Waweza. Tangu Januari 2024 Kenya haina viza bali kibali cha eTA cha mtandaoni, na mtoto wa pasipoti ya Uingereza anakihitaji kama mgeni mwingine, hata mdogo wa miaka minne. Lakini ataingia kama mgeni mwenye siku za kuhesabiwa, na itabidi mpande ngazi za Uhamiaji kumbadilishia hadhi. Afadhali msukume pasipoti zitoke London.

Mwalimu_Tudor

Ndugu yangu, mwezi wa kurudi utaamuliwa na binti yako mkubwa. Hao wawili wadogo watabebeka.

Shule za mtaala wa Kiingereza hapa Mombasa, mfano Braeburn na Oshwal Academy, huanza mwaka Septemba. Aga Khan Academy ina mtaala wa kimataifa wa IB, nao huanza Agosti. Shule za mtaala wa Kenya huanza Januari na kwisha Oktoba au Novemba, mihula mitatu.

Binti akimaliza Year 9 mwezi Julai na kuanza Year 10 hapa Septemba, amehama mahali pazuri kabisa, kwa sababu IGCSE, mtihani wa sekondari wa mtaala wa Kiingereza, ni kazi ya miaka miwili, Year 10 na 11. Mkichelewa mwaka mmoja atahama katikati ya silabasi, na shule ya hapa huenda inatumia bodi nyingine ya mtihani au vitabu vingine vya fasihi. Kabla ya kulipa karo, ulizeni shule: bodi ni ipi kwa kila somo, na je sayansi ni masomo matatu au mawili?

Kumtia katika mtaala wa Kenya kwa umri huo sikushauri. Angeingia Grade 8 au 9, na nafasi ya kwenda Grade 10 inahesabiwa hivi: KPSEA, tathmini ya taifa ya Grade 6, asilimia 20, tathmini za shule za Grade 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya taifa ya Grade 9, asilimia 60. Anayetoka nje hana hiyo asilimia ya kwanza na huenda akakosa sehemu ya pili. Tena Kiswahili ni somo la lazima, na huko ni ushairi, ngeli, ufupisho na insha, si Kiswahili cha kuagizia maandazi.

Mvulana wa miaka 9 ni hadithi nyingine. Yeye mtaala wa Kenya anauweza. Mkifika Agosti, mwingizeni muhula wa tatu Grade 3, muhula mfupi wa kuzoea, kisha Januari aanze Grade 4 na wenzake. Ana miaka mitatu kamili kabla ya KPSEA. Tatizo lake litakuwa kusoma Kiswahili na kuandika, na hilo anzeni leo hukohuko: dakika 20 kila siku, asome kwa sauti kitabu cha Grade 1, kisha cha Grade 2, mzazi amsikilize. Kwa kuwa anaisema lugha, silabi zitamwingia haraka, maana Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Ngeli ndizo zitakazomsumbua, kwa sababu anazitumia bila kujua zina jina. Mdogo ataingia PP1, darasa la awali, na hana shida yoyote.

Mje na ripoti za miaka miwili ya mwisho, barua ya kuhama kutoka shule ya sasa, na kama mtoto ana msaada maalumu wa kusoma, mje na tathmini yake kamili. Shule humsajili mtoto katika mfumo wa wizara kwa cheti cha kuzaliwa. Asiyesajiliwa sawasawa hukwama Grade 6, wakati KNEC, baraza la mitihani, inapotaka namba yake ya tathmini, na wakati huo mzazi anazunguka ofisi kwa presha kubwa. Malizeni hilo mwaka wa kwanza.

Na chuo cha Qur'ani msikisahau kwenye ratiba. Shule nyingi hapa za mchanganyiko, yaani wa masomo ya kawaida na ya dini, zimeweka dini ndani ya siku ya masomo, na familia nyingine hupeleka watoto madrasa alasiri. Mtoto anayetoka shule Nyali saa tisa na nusu na chuo kiko Mji wa Kale, foleni ya daraja itamla.

Fundi_Maji_Nyali

Mimi nina neno la nyumba, na neno lenyewe ni maji.

Kabla hujauliza vyumba vingapi, uliza maji ni ya mfereji au ya kisima. Ya mfereji huku huja kwa zamu, na mitaa mingine hukaa siku kadhaa bila tone. Ya kisima yako tele lakini sehemu nyingi ni ya chumvi. Onja mwenyewe, usiambiwe. Maji ya chumvi hula hita ya bafu, mifereji ya kromu na ngoma ya mashine ya kufulia. Nyumba nzuri ina mabomba mawili, la chumvi kwa choo na usafi, la tamu kwa jikoni na kuoga. Kwa watu watano, tangi la chini lisiwe chini ya lita 5,000 na la juu lita 1,000 au 2,000. Uliza boza la maji likija linapita lango na mpira unafika tangi. Pale Nyali kuna nyumba za fahari ambazo boza halifiki.

Mashine ya kufulia ya Uingereza itawaka bila matata, kwa kuwa umeme wetu ni volti 240 na soketi ni zilezile za pini tatu bapa. Kinachoigomesha ni presha. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa kama baa 0.1. Tangi lililo mita mbili juu ya mfereji linatoa 0.2, na mashine nyingi zinataka kuanzia 0.3 hadi 0.5, basi inajaza polepole mpaka inaonyesha hitilafu na kuzima. Watu huitupa wakidhani imeharibika safarini. Weka pampu ndogo ya kusukuma, imekwisha.

Jiko la gesi la huko liache. Limetengenezewa gesi ya bomba, na hapa tunatumia mtungi wa kilo 6 au 13. Tundu za jeti zake ni kubwa mno kwa gesi ya mtungi, moto hutoka mrefu wa manjano na masizi, na ni hatari. Kama lazima uje nalo, nunua jeti za mtungi za modeli hiyohiyo hukohuko na fundi azibadilishe kabla halijawashwa. Friji njoo nayo lakini iwekee kilinda umeme, kwa kuwa umeme ukirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo.

Fanicha za mbao za kubandika, zile za kufungwa kwa skrubu, usizilipie nafasi ya kontena. Unyevu wa Mombasa huzivimbisha pembeni na mwaka wa pili hazifungiki. Mazulia vivyo hivyo. Njoo na magodoro mazuri, vyombo vya jikoni, zana za kazi, baiskeli, vitabu na cherehani. Kitanda, kabati na sofa, mafundi wa hapa watakutengenezea mvule au mninga utakaorithiwa.

Mtwapa ni nafuu kwa kodi, ila ni Kaunti ya Kilifi na njia ya kuingia mjini asubuhi ni foleni ndefu. Mkichagua Mtwapa, shule iwe upande huohuo. Tudor iko kisiwani na karibu na kila kitu, lakini nyumba zimebanana. Hakikisha madirisha yanapokea upepo wa kusi na kaskazi, vinginevyo Februari na Machi watoto hawatalala. Orofa ya juu kabisa chini ya dari la zege ni tanuri.

Kodini mwaka mmoja kwanza. Na mkija kununua, mjue Mombasa kuna nyumba bila ardhi: unanunua jengo, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Si haramu wala si ajabu, lakini benki hazilipendi na mwenye ardhi ana sauti. Muulize muuzaji waziwazi, kisha mwanasheria wako afanye upekuzi ofisi ya ardhi.

Muuguzi_Makadara

Naongeza la afya kwa ufupi. Watoto waliokulia Uingereza hawana kinga ya malaria. Homa yoyote baada ya kufika, apimwe damu siku hiyohiyo, asisubirishwe na panadol. Vyandarua vyenye dawa viwepo usiku wa kwanza. Njooni na kitabu chekundu cha chanjo cha kila mtoto na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara, na akiba ya miezi mitatu kwa mwenye maradhi ya kudumu. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147# ukishapata namba ya simu, na uwaingize mke na watoto kama wategemezi. Usiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kulingana na tathmini ya kipato. Bima ya binafsi ikatieni mapema, kwani maradhi mliyokuwa nayo na uzazi huwa na kipindi cha kungojea.

Mhasibu_Luton

Upande wa huku pia una milango ya kufunga, Abu Yunus. Jaza fomu ya P85 kuwajulisha HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kwamba mnaondoka, na simamisha posho ya watoto tarehe ya safari. Ikiendelea kuingia mtadaiwa yote. Tazama rekodi yako ya National Insurance, michango ya hifadhi ya jamii ya huku: pensheni ya serikali inahitaji angalau miaka 10 ya michango, na 35 kwa kamili. Kenya si nchi ambayo pensheni hiyo hupandishwa kila mwaka, kwa hivyo kiwango utakachoanza nacho ukiwa Mombasa ndicho utakachobaki nacho. Kipangeni mapema kwa akiba nyingine.

Nyumba ya huku mkiipangisha, omba kwa fomu ya NRL1, ya mwenye nyumba anayeishi nje, ili ulipwe bila makato, la sivyo wakala wa nyumba atakata asilimia 20 ya kodi ya pango kabla ya kukutumia. Mkiiuza, hifadhi taarifa ya mwisho ya wakili inayoonyesha pesa zilivyotoka. Benki ya Kenya itakuuliza chanzo cha fedha, na karatasi hiyo moja hujibu.

La binti nataka ulifikirie sana. Chuo kikuu cha England humtoza mwanafunzi karo ya mwenyeji kama ameishi Uingereza miaka mitatu mfululizo kabla ya kuanza. Pasipoti peke yake haimsaidii. Akimaliza A-level, mitihani ya mwisho ya sekondari, Mombasa na kurudi moja kwa moja, atalipa karo ya mgeni na hatapata mkopo wa serikali. Familia nyingi hugundua hili mtoto ana miaka 17. Kama ndoto yake ni chuo cha huku, ama mweke akiba kuanzia sasa, ama mjue atahitaji kurudi na kuishi miaka hiyo mitatu kwanza. Vyuo vya Kenya navyo vinamchukua kwa IGCSE na A-level zikishalinganishwa na viwango vya hapa.

AbuYunus_Leicester

Shukran jazila. Kwa haya, tunalenga Agosti, gari naliuza, na vitu vyetu vitaingia nusu ya kontena la futi 20. Bado moja kwa wakala: nikitangulia peke yangu Mei kutafuta nyumba na shule, familia ije Agosti, itaharibu msamaha?

Wakala_Kilindini

Inategemea umekuja vipi. Ukija Mei ukabaki, hiyo ndiyo tarehe yako ya kuwasili, na siku 90 zinaanza kuhesabiwa hapo. Kontena la mwisho wa Agosti litakuwa limepitwa. Ukija kwa tikiti ya kwenda na kurudi, wiki mbili, ukarudi Leicester, ni ziara ya siku 14, na zinaingia katika zile 90 za miaka miwili. Jumlisha na za zamani kwanza.

Ningekuwa nakupangia, ningekuleta Machi badala ya Mei. Mei ni masika, barabara zimejaa maji na hutaona nyumba ilivyo, ila ukibahatika kuona dari linalovuja. Wiki mbili za Machi zinatosha kuweka amana ya nyumba, kufanyia watoto usaili wa shule kwa mtandao ukiwa hapo ofisini, na kunipa nakala za pasipoti na PIN yako nihakikishe inafanya kazi kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA. PIN ya zamani iliyolala huwa na marejesho ya kodi ambayo hayakuwasilishwa, na faini zake zinazuia mambo mengine. Safisha hiyo mwezi huohuo.

Kwa kontena la nusu, changia na wengine. Lipakiwe mwanzo wa Julai, nyinyi mpande ndege wiki ya kwanza ya Agosti. Siku ya kuingia, uwanja wa ndege wa Moi, tangaza kwa afisa wa forodha kwamba una mzigo unaokuja nyuma, ujaze fomu ya abiria F88 na ubaki na nakala yake iliyopigwa muhuri. Wengi hupita mlango wa kijani kwa uchovu wa safari na watoto, kisha hawana cha kuonyesha mzigo ukifika. Meli ikionekana itachelewa kupita siku ya 90, nijulishe kabla ya siku ya 75 ili barua ya kuomba muda iende mapema na uthibitisho wa kampuni ya meli.